Saa Iliyomaliziwa Ndani ya Eda

Mustapha, fundi saa wa Chanika mjini Handeni, aligongwa na bodaboda asubuhi akivuka barabara kwenda kufungua kibanda chake. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Kijana aliyemgonga, Ikram, hakukimbia. Alikaa chini kando ya pikipiki yake iliyolala, akilia, mpaka polisi walipokuja kumchukua. Watu walisema alikuwa kwenye mwendo mkali, ingawa wengi wao walifika pale baada ya kusikia kishindo.

Marehemu alizikwa kwao Misima. Muhidini, kaka yake mkubwa, aliwashukuru waliokuja kuzika, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba damu ya mdogo wake haitaachwa ipotee hivihivi. Hakuna aliyemlaumu. Ni yeye aliyemlea Mustapha baba yao alipokufa, na ni yeye aliyempeleka Tanga kujifunza ufundi wa saa, wakati yeye mwenyewe alibaki na jembe.

Mwaija, mjane, akaingia eda. Mama mkwe wake, Bi Shamsia, alihama Misima kwa muda akaja kukaa naye katika ile nyumba ya vyumba viwili ambayo Mustapha aliijenga kwenye kiwanja cha familia. Dirisha la chumba lilitazamana na ukuta wa jirani, ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu, karibu kiasi kwamba Mwaija angenyoosha mkono angeugusa. Katika wiki za mwanzo aliujua ukuta ule vizuri kuliko alivyowahi kuujua uso wa jirani mwenyewe. Alijua tofali lililopasuka, na pale mjusi alipoingilia.

Hakulalamikia eda. Alimpenda mumewe na alitaka kumkalia kama inavyotakiwa. Kilichombana ni kingine. Kila baada ya swala ya alasiri Muhidini alikuja kukaa barazani na kuzungumza na mama yake kwa sauti ambayo ilifika ndani bila taabu. Kwa njia hiyo Mwaija alipata habari za maisha yake. Alisikia kwamba kibanda kimefungwa na ufunguo anao shemeji. Alisikia kwamba saa za wateja zitarudishwa zilivyo. Alisikia kwamba eda ikiisha atapelekwa Misima akaishi na familia, kwa kuwa hana mtoto, hana baba, na nyumba hii itapangishwa. Muhidini aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayepanga mema.

"Hatutamtupa," alisema. "Sisi ndio watu wake."

Mwaija alilisikia hilo akiwa amekaa kwenye mkeka, akahisi chumba kimepungua.

Na kulikuwa na jambo lingine, alilolijua peke yake. Mustapha alikuwa haoni vizuri. Daktari wa macho aliyemwona Korogwe alimwambia ni presha ya macho, na kwamba alichokipoteza hakitarudi. Mbele aliona, lakini pembeni palikuwa pamefungwa, kama mtu anayetazama kupitia bomba. Baadaye hata mbele pakaanza kufifia. Alirudi nyumbani siku ile akamwapisha mkewe asimwambie mtu, hata mama yake. Nani atamletea saa fundi asiyeona? Tangu hapo kazi ndogondogo alizifanya Mwaija. Mustapha alikuwa amemfundisha zamani kwa ajili ya kupitisha muda, akagundua kwamba mkono wake umetulia. Kibandani Mustapha alibadilisha betri na mikanda. Saa zenye kazi ya ndani alizibeba jioni kwenye kopo la maziwa ya unga, Mwaija akazifungua nyumbani, na asubuhi zikarudi kibandani kuchukuliwa na wenyewe, ambao walimsifu fundi.

Kwa hiyo aliposikia barazani kwamba Ikram bado yuko mahabusu, na kwamba Muhidini anafuatilia kesi mpaka mwisho, Mwaija alijifunika kanga usoni. Mumewe hakuiona ile pikipiki. Aliyajua hayo kama anavyolijua jina lake. Lakini aseme nini, na kwa nani? Akifungua mdomo atakuwa amevunja kiapo kwa marehemu, amemwaibisha mbele ya watu waliomsifu, na amemtoa kijana ambaye familia nzima inataka afungwe. Akinyamaza, kijana wa watu anaoza kule ndani. Alinyamaza. Kila siku alijiambia kwamba kesho atajua la kufanya.

Ndipo akaja Rosina.

Rosina alikuwa mama wa makamo kutoka Kwashemshi, upande wa Korogwe. Alikuwa amemletea Mustapha saa ya baba yake, Mzee Valentino, miezi kadhaa nyuma. Hakuwa na habari ya msiba. Alifika kibandani akakuta kufuli, akaelekezwa nyumbani, na pale barazani Muhidini akamkabidhi saa ikiwa vipande ndani ya kifuko cha nailoni, akamwomba radhi. Rosina alitoa pole, kisha akaomba aingie kumsalimia mjane. Mwanamke kuingia kumpa pole mwanamke mwenzake, hakuna aliyemzuia.

Alimwamkia Bi Shamsia shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akalia kidogo kwa adabu. Baadaye, mazungumzo yalipoanza kupungua, alikitoa kile kifuko akakiweka mapajani. Alieleza kwamba baba yake ni mzee sana sasa. Alikuwa msimamizi kwenye mkonge, na saa hiyo aliinunua enzi hizo. Anakunywa dawa kwa kufuata tarehe, moja siku hii na nyingine siku ile, na tarehe haamini kuisoma popote isipokuwa kwenye saa yake. Simu haitaki, kalenda anasema imechapwa na watu wasiomjua. Tangu saa iondoke anamshuku Rosina kwamba ameiuza.

"Sasa sijui nimrudishie nini," Rosina alisema.

Mwaija alikuwa ameitambua saa hiyo kabla kifuko hakijafunguliwa. Mashine yake ya asili ilikuwa imeliwa na kutu, ikabidi iwekwe nyingine. Mashine mpya ilikuwa nzima, ila namba zake za tarehe zilipangwa kwa saa ambayo kidirisha chake kiko kwenye namba tatu, na kidirisha cha Mzee Valentino kilikuwa chini zaidi, kati ya nne na tano. Ukichungulia uliona nusu ya namba, imelala ubavu. Dawa yake ni kibandiko: pete nyembamba mno yenye namba zilizopangwa upya, inayogandishwa juu ya duara la tarehe la zamani ili kila namba ije isimame mahali pake. Mustapha alikiagiza kutoka Dar es Salaam. Kilifika wiki aliyokufa. Kilikuwa chini ya godoro, ndani ya bahasha yake, pamoja na kibano, bisibisi ndogo na lenzi ya kuvaa jichoni.

"Niachie hapa, dada," Mwaija alisema.

Rosina alimtazama. Bi Shamsia, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo, akasimamisha mkono.

"Utampa fundi gani?" Rosina aliuliza.

"Niachie tu. Nitakupigia simu."

Rosina alipoondoka Bi Shamsia hakuuliza kitu. Aliendelea kuchagua mchele, lakini chuya zilianza kubaki.

Muhidini aliuliza. Alimwona mgeni akitoka bila kifuko, akamwambia mama yake kwamba mwanamke aliye katika eda hapokei wateja, na kama shemeji ana haja ya kitu aseme aletewe. Bi Shamsia alimtuma mtu kwa shehe wa msikiti wa jirani. Jibu lilikuja fupi: hajipambi, hatoki bila dharura, lakini kazi ya mikono akiwa nyumbani mwake haikatazwi. Muhidini alikubali kwa kuwa alikuwa mtu wa dini, ila tangu siku hiyo alisogeza kiti chake cha barazani kikawa kando ya mlango. Kila aliyeingia alimpita yeye.

Mwaija alisubiri asubuhi yenye jua. Mwanga mzuri ulikaa dirishani kwa muda mfupi tu, kabla ukuta wa jirani haujaukata. Alitandika kitambaa cheupe kwenye sinia ili kitu kidogo kikianguka kionekane, akavaa lenzi, akaanza. Aling'oa mishale kwanza, kisha uso wa saa, mpaka duara la tarehe likawa wazi mbele yake. Alilipangusa vumbi na mafuta, maana gundi haishiki penye mafuta. Akakilaza kibandiko juu yake bila kukigandisha, akauweka uso wa saa juu, akachungulia kwenye kidirisha. Akasogeza kidogo. Akachungulia tena. Alipoiona namba imekaa katikati aliweka alama kwa ncha ya penseli, akatoa uso wa saa, akabandua karatasi ya nyuma ya kibandiko.

Kibandiko kilikuwa kimoja, na kikishashika hakibanduki kikabaki kizima. Alishusha pumzi yote, akakilaza.

Kilikaa vizuri. Alirudisha uso na mishale, akavuta kitufe cha pembeni na kuanza kuzungusha mishale ili siku ibadilike. Namba ilianza kusogea, ikafika nusu ya kidirisha, ikakwama. Akazungusha tena polepole, na safari hii mashine yote ikasimama. Alijaribu kurudisha nyuma, ikagoma. Saa ya Mzee Valentino ilikuwa imekwama katikati ya tarehe mbili, na mwanga wa dirishani ulikuwa unaondoka.

Aliweka kibano chini. Nje Muhidini alikuwa akizungumza na mtu kuhusu kesi; alisikia jina la Ikram, alisikia neno mahakama. Kama angeweza angesimama, angepita mlangoni na kuendelea kutembea mpaka barabara ya Korogwe. Badala yake alilifunika lile sinia kwa kanga, akalala akiutazama ukuta.

Asubuhi iliyofuata alifungua upya. Alichokitafuta alikipata kwa lenzi: ukingo wa ndani wa kibandiko ulikuwa umezidi duara kwa unene wa unywele, ukawa unafunika meno yanayosukumwa tarehe inapobadilika. Ilibidi upunguzwe palepale ulipo. Alivunja wembe mpya akachukua kipande chenye pembe kali, akaanza kukata kuzunguka, karibu na namba kiasi kwamba kosa moja lingeondoka na tisa au na sita. Bi Shamsia aliacha alichokuwa anafanya, akaja kukaa mbele yake. Alibaki hapo mpaka lile pindo jembamba lilipotoka zima, limejiviringa kama ganda la kitunguu.

Mwaija akafunga tena. Akazungusha mishale. Namba ikasogea, ikafika nusu, ikapita, ikasimama wima katikati ya kidirisha. Akaendelea kuzungusha ili kuhakikisha zote, moja baada ya nyingine, na Bi Shamsia akainama kutazama zinavyopita.

"Mustapha ndiye aliyekuwa anafanya hivi?" aliuliza.

Mwaija angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amesema ndiyo ya namna hiyo kwa watu wengi.

"Hapana, mama. Nilikuwa nafanya mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu macho yake yaharibike."

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini kwa sababu ya kiti kile kilichokuwa mlangoni. Daktari wa Korogwe, kiapo, kopo la maziwa. Alimweleza pia kwamba barabara Mustapha alikuwa anaivuka kwa kusikiliza tu, na asubuhi ile, kama walivyosimulia waliokuja kutoa pole, lori la mahindi lilikuwa limesimama pembeni linanguruma. Alipomaliza alisubiri apigwe au afukuzwe. Bi Shamsia alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Na kijana wa watu yuko ndani," alisema mwishowe.

"Yuko ndani."

"Na wewe umelala hapa ukilijua hilo."

Bi Shamsia alinyanyuka akaenda uani, na kwa siku kadhaa hakumsemesha isipokuwa kumwita kula. Zile zilikuwa siku mbaya kuliko zote. Saa ilikuwa imekamilika, inatembea ndani ya kitambaa, na Mwaija hakuwa na kazi nyingine ya kushika mkononi. Alimpigia Rosina aje kuichukua. Rosina alikuja, akaitazama, akamshika mkono Mwaija kwa muda mrefu. Kisha mlango ukafungwa tena.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, Bi Shamsia alimwita Muhidini aingie sebuleni, akateremsha pazia kati yake na chumba cha Mwaija.

"Mdogo wako alikuwa haoni pembeni," alimwambia. "Yule kijana alikuja kwa upande asiouona."

Muhidini aliuliza nani amemwambia maneno hayo. Mama yake alimjibu kwamba ameambiwa na mkewe, lakini hakuhitaji kuambiwa. Mara ya mwisho Mustapha alipokuja Misima alimwona akikipapasa kikombe cha chai mezani. "Nilimwona nikajifanya sioni. Nilisema labda amechoka. Mimi mama yake."

Halafu Muhidini akaliambia pazia, "Shemeji, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mbona hukusema tulipokuwa tunazika? Umeniacha nimesimama mbele ya watu nikaapa."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo njia nzima, kisha akaambiwa haukuwa wake. Mwaija alianza kumwomba msamaha, lakini Muhidini hakungoja. Alitoka, akapita kwenye kile kiti bila kukikalia.

Alikwenda polisi. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Askari wa kike alikuja nyumbani kuchukua maelezo ya Mwaija, Ikram akapata dhamana, na kesi ilipofika mwisho aliadhibiwa kwa kuendesha bila leseni tu. Lakini Muhidini hakumsemesha shemeji yake tena. Kibanda alimpa muuza vioo vya simu. Vifaa vikubwa vya Mustapha, taa na jiwe la kunolea na meza yenye droo, vilikwenda Misima na havikurudi.

Eda ilipokwisha Mwaija alioga, akavaa gauni la rangi, akakaa kusubiri aambiwe afungashe. Hakuna aliyekuja kumchukua. Bi Shamsia ndiye aliyesema. Alisema yeye hatarudi Misima, atakaa katika nyumba ya mwanawe mpaka afe, na maadamu yeye yuko ndani hakuna atakayempangisha mtu.

"Na wewe utakaa na mimi," alimwambia. Hakuuliza.

Mwaija alikubali. Alijua kwamba siku mama huyu akifumba macho, habari za nyumba zitaanza upya. Alijua pia kwamba mpaka siku hiyo ifike, atakuwa mkwe wa mama aliyempoteza mwanawe, na mama huyo hatamwacha atoke machoni pake. Wateja walianza kuja mmojammoja, wanawake kwanza, na walipitishia saa dirishani, mkono ukipenya kati ya nondo na ule ukuta wa tofali.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Kwashemshi. Rosina alikuwa amemwalika, na Bi Shamsia alimruhusu baada ya kumuuliza maswali mengi. Alimkuta Mzee Valentino amekaa juani kwenye kiti cha kamba, amevaa sweta, saa imelegea kwenye mkono uliokonda. Mwaija alimwamkia. Mzee alimuuliza anatoka wapi, akasema Handeni. Akauliza anafanya kazi gani.

"Natengeneza saa, mzee. Hiyo niliimalizia mimi."

Lilikuwa jambo dogo, lakini hakuwahi kulitamka mbele ya mtu asiyemjua. Mzee Valentino aliinua mkono karibu na macho, akaitazama tarehe, akamtazama Mwaija, akasema kwamba zamani namba zilikuwa nyembamba kidogo. Baada ya hapo akamwambia Rosina amletee mgeni chai.

Wakati wa kurudi, alipoteremka Korogwe, stendi ilikuwa imechangamka. Basi la Arusha lilikuwa linapakia, na kondakta alimwita dada, nafasi ipo, siti ya dirishani. Mwaija alisimama pale na mkoba wake, ambamo mlikuwa na kibano, lenzi na bisibisi, kwa kuwa hakuviacha nyumbani. Alijua kuna mafundi saa Arusha. Alisimama mpaka kondakta akaacha kumwita na kwenda kwa watu wengine.

Simu ikaita. Alikuwa Bi Shamsia, anauliza amefika wapi, kwa sababu jua linateremka na yeye ameshabandika maharage.

"Niko Korogwe, mama," Mwaija alisema. "Natafuta gari."

Akavuka kwenda upande wa magari ya Handeni.